Sura ya Tano: Miraba Kumi na Mitatu

Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, kwa pamoja zina ukubwa wa takriban kilomita mraba 127,000. Modeli za tabianchi, zile programu kubwa za kompyuta zinazokadiria joto na mvua ya miaka 30, 50 au 80 ijayo, huikata dunia nzima vipande vya miraba, na katika nyingi kati ya hizo kila mraba una takriban kilomita 100 kila upande. Ukipiga hesabu utakuta Kaskazini Mashariki yote, kuanzia Ijara hadi mpakani mwa Ethiopia, imeenea katika miraba 13 tu. Katika modeli za kizazi kilichotangulia, zenye miraba ya kilomita 200, ilikuwa miraba mitatu. Na ndani ya mraba mmoja kila kitu kina thamani moja: joto moja, mvua moja, upepo mmoja. Shamba la ndizi lililo ukingoni mwa Tana na nyika ya Balambala ambayo haijaona tone kwa miezi kadhaa huandikiwa namba ile ile.

Namba hizo haziishii maabara. Huingia katika ripoti za Umoja wa Mataifa, kisha katika mipango ya serikali, na mwishowe husaidia kuamua bwawa lijengwe wapi, visima vichimbwe lini, na stima ya nchi itokane na maji, mvuke, upepo au jua. Kando yake ipo aina ya pili ya modeli, ile ya kawi, inayokadiria taifa litahitaji megawati ngapi na nani atafikishiwa nyaya. Sura hii inahusu modeli hizo mbili na namna ya kuzifanya bora. Dai langu ni kwamba udhaifu wake kwa watu wa Garissa hautokani hasa na udogo wa kompyuta. Unatokana na mambo ambayo hayakupimwa hapa, na makadirio ya zamani ambayo walioyatoa hawarudi kuyakagua hadharani.

Kwanza nizipe modeli haki yake. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na mwenzake Richard Wetherald walichapisha hesabu ya kompyuta iliyoonyesha dunia itapata joto kiasi gani hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu. Mwaka 2021 Manabe akatunukiwa Nobel ya fizikia. Mwaka 2020 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Zeke Hausfather lilikusanya makadirio 17 ya joto la dunia yaliyotolewa kati ya 1970 na 2007, likayalinganisha na vipimo halisi vya miaka iliyofuata. Kumi yalilingana na yaliyotokea. Walipozingatia kiasi cha hewa chafu kilichotolewa kweli, yakawa 14. Anayesema kazi hii ni ramli hajaisoma. Na tazama jinsi sifa hiyo ilivyopatikana: watu walirudi kwenye makadirio ya zamani, wakayapima mbele ya kila mtu.

Lakini mfugaji wa Lagdera haishi kwa wastani wa joto la dunia. Anaishi kwa Gu, mvua za Machi hadi Mei, na Deyr, mvua za Oktoba hadi Desemba. Hapo modeli zimekwama, na zimekwama mahali pabaya. Tangu miaka ya 1980, na hasa baada ya 1999, Gu imekuwa ikipungua katika sehemu kubwa ya mashariki mwa Pembe ya Afrika, ingawa katikati imekuja misimu ya mafuriko kama ule wa 2018. Wakati huohuo modeli nyingi za dunia zimekuwa zikisema Afrika Mashariki itapata mvua nyingi zaidi kadiri joto linavyopanda. Wanasayansi wanauita mgongano huu kitendawili cha tabianchi cha Afrika Mashariki.

Weka mgongano huo mbele ya ofisa wa mipango. Mwaka 2010 Deyr ilifeli, mwaka 2011 Gu ikafeli, na kambi za Dadaab zikafurika hadi wakimbizi zaidi ya 460,000. Kuanzia Oktoba 2020 misimu mitano mfululizo ilifeli, na nchini Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni mbili walikufa. Katika miaka yote hiyo, ripoti za muda mrefu zilikuwa zikimwambia ofisa huyo kwamba eneo lake linaelekea kwenye neema ya maji. Asiyejua undani wa ripoti hizo angeweza, kwa nia njema kabisa, kuahirisha matayarisho ya ukame.

Kitendawili hiki kimeanza kuteguliwa kidogokidogo, na kila hatua inafundisha jinsi modeli inavyoboreshwa. Mwaka 2019 utafiti ulioongozwa na Caroline Wainwright ulionyesha kwamba Gu haijapungua nguvu kwa siku ile inayonyesha. Msimu wenyewe ndio umefupika, unachelewa kuanza na unawahi kuisha. Chris Funk na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walifuata njia nyingine. Waliona kwamba maji ya bahari yakipata joto kupita kiasi magharibi mwa Pasifiki, mvua zetu huathirika, na kwa kutazama bahari hiyo waliweza kuonya kabla ya misimu mikavu ya 2016–17 na ile ya 2020–22. Hawakusubiri modeli kubwa ikamilike. Na mwaka 2023 kundi lililoongozwa na mwanasayansi Mkenya Joyce Kimutai lilikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame wa mashamba na malisho wa miaka hiyo uwezekane takriban mara 100 zaidi, hasa kwa sababu joto lilikausha udongo na majani. Mvua kidogo ile ile, katika dunia isiyopata joto hili, isingeua namna hiyo.

Kisha kuna suala la upepo, nami nalipenda kuliko yote kwa sababu linaunganisha mvua na stima. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna pengo kubwa la ardhi ya chini, na kupitia pengo hilo upepo mkali huvuma kutoka kusini-mashariki kuelekea kaskazini-magharibi. Ni mkondo wa Turkana. Ndio unaozungusha mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310. Ndio pia unaobeba unyevu uliotoka Bahari ya Hindi, ukaupitisha juu ya nchi kavu bila kuushusha, na kuupeleka mbali ndani ya bara. Ukitumia miraba ya kilomita 100, milima huwa tambarare, pengo huzibwa, mkondo hudhoofika ndani ya kompyuta, na unyevu ambao kwa kweli umepita zake huangushwa kwenye karatasi kama mvua.

Mkondo huo haukuwa umepimwa vya kutosha. Mwaka 2021 watafiti wa Kenya na wa Chuo Kikuu cha Oxford walikwenda Marsabit wakati wa Gu wakarusha baluni za vipimo, mchana na usiku, kujua upepo una kasi gani katika kila kimo. Miaka miwili baadaye Callum Munday na wenzake walichapisha jaribio la kompyuta: waliyajaza mabonde ya Afrika Mashariki yanayoelekea magharibi, kana kwamba hayakuwahi kuchimbika, wakaona mvua inaongezeka kwetu na kupungua katika Bonde la Kongo. Ukavu wetu, kwa kiasi kikubwa, umechongwa na ardhi. Modeli isiyoyaona mabonde haiwezi kuuelewa.

Siku hizi ipo modeli ya Afrika nzima yenye miraba ya kilomita 4.5, iliyoendeshwa na idara ya hali ya hewa ya Uingereza pamoja na washirika wake. Kwa kipimo hicho Kaskazini Mashariki inapata miraba zaidi ya 6,000 mahali pa 13, na wingu la mvua ya radi linaweza kuumbwa lenyewe ndani ya hesabu badala ya kukisiwa. Ni hatua kubwa. Ila kuiendesha ni ghali mno, na mraba mdogo usio na kipimo ndani yake bado ni mraba wa kubahatisha.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa. Kituo cha hali ya hewa cha Garissa kinajulikana duniani kwa namba 63723. Cha Wajir ni 63671, cha Mandera ni 63624. Saa tatu asubuhi ofisa hukiendea kipimamvua, chombo cha bati kilichosimama mahali peupe, mbali na miti na kuta. Hutoa chupa iliyo ndani, humimina maji katika silinda ya kioo yenye mistari, huyalinganisha macho yake na uso wa maji, husoma milimita na sehemu ya kumi ya milimita, kisha huandika. Siku nyingi za mwaka huandika sufuri. Sufuri hiyo ni habari kamili kama mvua ya milimita 60, kwa sababu ikikosekana, kompyuta ya mbali haitajua kama kulikuwa kukavu au ofisa hakufika kazini. Mwaka mzima Garissa hupata milimita 300 na ushei tu, na kiasi kikubwa chake kinaweza kushuka kwa siku chache. Siku moja isipoandikwa, msimu mzima unaweza kuharibika.

Vituo hivyo vikuu vitatu vina kazi ya kuwakilisha nchi yenye ukubwa kama wa Malawi na zaidi. Mvua ya huku huanguka kwa mafungu. Kijiji kimoja hulowa na kingine cha jirani hubaki vumbi. Satelaiti husaidia. CHIRPS, kumbukumbu ya mvua inayoanzia 1981 na inayotegemewa sana Afrika Mashariki, hukisia mvua kutokana na ubaridi wa vilele vya mawingu, kisha hujirekebisha kwa vipimo vya ardhini. Panapokuwa na vipimo vingi, marekebisho hayo ni mazito. Panapokuwa na vichache, kinachobaki ni wingu. Ndiyo maana nasema kipimamvua kimoja katika uwanja wa shule ya msingi ya Bura Mashariki au Hulugho, kikisomwa kila siku bila kukosa, kina uzito katika sayansi kuliko watu wanavyodhani.

Na kuna mambo ambayo satelaiti huyaona vizuri lakini huyaelewa vibaya. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame, na mojawapo ya vipimo vyake ni kile cha hali ya mimea, kinachotokana na ukijani unaoonekana kutoka angani. Kikishuka chini ya 35, ni ukame wa wastani. Chini ya 20, ukame mkali. Chini ya 10, ukame wa kupindukia. Fedha za dharura hufuata namba hizo, na bima ya mifugo nayo imejengwa juu ya ukijani huohuo. Sasa tazama mathenge. Mti huu uliletwa nchini miaka ya 1970, ukapandwa katika miradi ya umwagiliaji ya Tana mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo umetanda kando ya mto, kando ya barabara na kuzunguka makazi hadi Dadaab. Mizizi yake huenda chini sana, hivyo hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha kuwa majivu. Mbuzi hula maganda yake, majani huyakwepa. Kwa satelaiti, kijani ni kijani. Msichana anayechunga mbuzi pale anajua tofauti kwa kutupa jicho. Modeli itaijua tu ikiwa mtu ataichora ramani ya mathenge na kuuondoa ukijani wake katika hesabu. Kazi hiyo haihitaji kompyuta kubwa. Inahitaji watu wenye simu, wanaojua miti yao, na ofisi iliyo tayari kuwasikiliza.

Sasa nije kwenye kawi, ambako makosa hulipiwa kila mwezi.

Mpango wa taifa wa kupanua umeme kwa gharama nafuu uliotolewa 2011 ulikadiria kwamba kufikia 2030 mahitaji ya Kenya ya saa ya kilele yatakuwa takriban megawati 15,000. Nyuma ya namba hiyo kulikuwa na dhana ya Ruwaza ya 2030 kwamba uchumi ungekua kwa asilimia 10 kila mwaka. Septemba 2013 serikali ikazindua mpango wa kuongeza megawati 5,000 kwa miezi 40, na kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kikapangiwa Lamu. Mwanzoni mwa 2025 kilele cha taifa kilipita kidogo tu megawati 2,300. Mipango ya baadaye ilipunguza makadirio, naam, lakini mikataba haipunguki kwa kubadilisha jedwali. Mtambo uliokwisha kusainiwa hulipwa hata siku ambazo umeme wake hauhitajiki, na mlipaji ni mwenye mita. Usiku wa manane mvuke wa Olkaria umekuwa ukiachiliwa hewani kwa kukosa wanunuzi, huku maelfu ya nyumba za kaskazini zikiwa gizani.

Leseni ya mazingira ya kituo cha Lamu ilifutwa na Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira tarehe 26 Juni 2019, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Uamuzi ulikuwa sahihi. Kinachonisikitisha ni kwamba hesabu ya mahitaji iliyokizaa kituo hicho haikupata kuwekwa kizimbani.

Kwa Garissa tatizo lilikuwa la upande wa pili. Modeli za mahitaji huanzia kwenye mita: hutazama wateja walitumia kiasi gani jana, zikakadiria kesho. Garissa yenyewe iliishi kwa jenereta za dizeli hadi nyaya za gridi ya taifa zilipoifikia katikati ya muongo uliopita, na Wajir na Mandera ziliendelea kutegemea mitambo isiyounganishwa na gridi. Mahali pasipo na mita hapana matumizi. Pasipo na matumizi hapana mahitaji. Pasipo na mahitaji, mpango haupeleki nyaya. Dizeli inayovuta maji ya kisima kwa ngamia 500 haimo kwenye rekodi hiyo. Jenereta ya mfanyabiashara anayewavutia majirani waya haimo. Betri ya kuchajia simu, paneli juu ya zahanati, barafu inayonunuliwa kuhifadhi maziwa ya ngamia hadi yafike mjini: yote ni mahitaji ya kawi ambayo watu tayari wanayalipia, kwa bei kubwa kuliko ya Nairobi.

Modeli mpya za ramani zimejaribu kuuvunja mzunguko huo. Zinachukua picha za satelaiti, msongamano wa nyumba, umbali kutoka kwenye nyaya na nguvu ya jua, halafu zinachagua kwa kila makazi kama yafaa gridi, gridi ndogo au paneli ya nyumbani. Mkakati wa Kitaifa wa Umeme wa 2018 ulijengwa kwa njia hiyo, na mradi wa umeme wa KOSAP, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, tatu zetu zikiwemo. Lakini modeli ya ramani nayo inauliza swali la kwanza: watu ni wangapi? Hapa jibu linabishaniwa. Mwaka 2010 serikali ilikataa matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu milioni 2.5 katika kaunti hizi tatu, na Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa ikaamua matokeo hayo yafutwe, uamuzi uliokatiwa rufaa. Modeli inayopokea idadi moja tu na kuichukua kama msahafu inadanganya. Iliyo bora hupewa idadi ya chini na ya juu, na familia zinazohama na mifugo zikahesabiwa kwa msimu, kisha ionyeshe ni vijiji gani vitapata gridi ndogo kwa vyovyote vile, na vipi vinategemea ubishi wa sensa.

Kituo cha sola cha Garissa kinatuonyesha jambo jingine. Kilizinduliwa tarehe 13 Desemba 2019, kikiwa na uwezo wa zaidi ya megawati 50 juu ya hekta 85, na wakati huo hapakuwa na kingine kikubwa kama hicho katika gridi za Afrika Mashariki na Kati. Kwa modeli inayojumlisha umeme wa mwaka mzima, ni ushindi mtupu. Lakini Mkenya huwasha taa, televisheni na pasi kati ya saa moja na saa tatu usiku, jua la Garissa likiwa limezama. Joto nalo hula sehemu yake: paneli hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila digrii inayopita 25, na kwa jua la mchana la huku paneli inaweza kufika digrii 60. Modeli ya kawi isiyohesabu saa kwa saa, kwa joto halisi la mahali, itajenga sola kubwa kupita kiasi au itasahau betri.

Modeli hizi mbili hukutana mtoni. Mabwawa matano ya Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yana uwezo wa karibu megawati 600. Ukame wa 1999–2000 ulileta mgao wa stima nchi nzima, na mwaka 2009 Masinga ilizimwa kwa kukosa maji. Mvua ikizidi, mambo hugeuka. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Tana ilifurika, barabara ya Garissa kwenda Nairobi ikakatika eneo la Mororo, na familia zikahama kwa mashua. Katika modeli ya kawi, maji yanayomwagika juu ya ukingo wa bwawa huandikwa kama umeme uliopotea. Kwa mkulima wa ukingoni mwa mto ni shamba lililopotea, pampu, mbuzi, na wakati mwingine mtoto. Hasara hizo hazimo kwenye hesabu ya gharama nafuu, na kwa hiyo modeli haina sababu ya kushauri maji yapunguzwe mapema bwawa lingali na nafasi. Ziingizwe. Hesabu ya uendeshaji wa mabwawa ikimjumuisha aliye chini ya mto, uamuzi wake utabadilika.

Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti itayarishe mpango wake wa kawi, na mipango hiyo iingie katika mpango mmoja wa taifa. Hii ni nafasi ambayo Garissa, Wajir na Mandera hazikuwa nayo zamani. Chuo Kikuu cha Garissa kina vijana wanaoweza kujifunza programu za modeli za kawi kama OSeMOSYS na OnSSET, ambazo yeyote anaweza kuzipata bila malipo na kuzifungua kuona hesabu ndani yake. Wizara ya Kawi, kwa upande wake, ichapishe katika ukurasa wa kwanza wa kila mpango mpya jedwali la makadirio ya mipango iliyotangulia pamoja na yaliyotokea, mwaka kwa mwaka, kaunti kwa kaunti. Nawe msomaji, rasimu ya mpango wa kaunti yako ikiletwa mbele ya umma, nenda. Uliza visima vyenu vya dizeli vimehesabiwa wapi, mvua imepimwa na kituo gani, na makadirio ya mwisho yalikosea kwa kiasi gani. Wasipokuwa na jibu la swali la tatu, wasiupitishe.